Hatua 250 Juu ya Mbuzi ya Nazi: Je, Saa ya Mazoezi Inafaa Kununuliwa?

Jumapili moja mke wangu alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili za wali. Alipoinuka, saa aliyozawadiwa na wenzake kazini ilitetemeka mkononi na kumpongeza kwa kutimiza hatua 250 ndani ya saa moja, ilhali hakuwa ametoka jikoni. Tulicheka sana, kisha akauliza swali ambalo nimelisikia pia katika kundi letu la jogging na kwa watu wanaotaka kununua vifaa hivi wasijue wamwamini nani: ikiwa kitu hiki hakijui tofauti ya kutembea na kukuna nazi, kwa nini nikiamini kinaponieleza habari za moyo wangu?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye kujua saa hizi hupima nini hasa. Kwa “saa ya mazoezi” nakusudia kifaa chochote kinachovaliwa mwilini, mara nyingi mkononi, ambacho hurekodi mwendo na mapigo ya moyo mchana na usiku, kisha hupeleka rekodi hizo kwenye simu. Kuna vifaa vyembamba kama bangili, kuna saa janja zinazopokea pia simu na ujumbe, kuna saa za wakimbiaji zenye GPS ya kupimia umbali, na siku hizi kuna hata pete. Umbo na bei hutofautiana mno, lakini ukiondoa betri na kioo, karibu kazi yote ya kupima hufanywa na vitu viwili tu.

Cha kwanza ni kihisi cha mwendo. Mfikirie abiria aliyefumba macho ndani ya daladala: anajua dereva anapokanyaga breki, anapokata kona na anapoingia kwenye shimo, ingawa haoni barabara wala hajui yuko kituo gani. Kihisi ni abiria huyo. Huhisi mkono ukienda mbele na kurudi nyuma, na programu iliyomo ndani ya saa huutafuta mdundo unaofanana na wa mtu anayetembea, kisha huhesabu. Ndiyo maana mkono unaokuna nazi kwa mdundo mzuri huhesabiwa kuwa unatembea, na safari ya bodaboda kwenye barabara ya matuta inaweza kukuongezea hatua ambazo miguu haikuzipiga. Kinyume chake ndicho kinachoniudhi zaidi: mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, au kijana anayesukuma mkokoteni kutwa nzima, hupunjwa hatua zao kwa sababu mikono yao haipepei. Kwa mtu anayetembea kawaida, mikono ikiwa huru, hesabu ya saa nyingi huwa karibu na ukweli kiasi cha kutosha.

Cha pili ni taa ya kijani inayomulika upande wa chini wa saa. Kila aliyewahi kuchezea tochi gizani utotoni anakumbuka kuwa ukiifunika kwa vidole, vidole huwaka wekundu. Hiyo ni kwa sababu damu hupitisha nuru nyekundu na kuimeza ya kijani. Saa hutumia sifa hiyohiyo: hutuma nuru ya kijani ndani ya ngozi na kupima kiasi kinachorudi. Kila moyo unapopiga, damu hujaa kidogo kwenye vishipa vya mkono, nuru nyingi zaidi humezwa na inayorudi hupungua. Moyo unapotulia, nuru inayorudi huongezeka. Kuhesabu mawimbi hayo ni kuhesabu mapigo.

Ukiwa umekaa, njia hii ni nzuri sana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivipima vifaa 7 kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, wakakuta kuwa 6 kati ya vifaa hivyo vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5. Hali huharibika mkanda unapolegea, mkono unaporuka kwa nguvu kama wa mcheza ndondi, au ngozi inapokuwa na tatuu ya wino mzito. Kuhusu rangi ya ngozi, jambo linaloulizwa sana na lenye haki ya kuulizwa, tatizo lililothibitika waziwazi ni la kipimo cha oksijeni. Uchunguzi wa vifaa vya hospitali vinavyobanwa kidoleni, uliochapishwa Marekani mwaka 2020, ulionyesha kuwa wagonjwa Weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona takriban mara tatu zaidi ya wagonjwa Weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali kina kasoro hiyo, asilimia ya oksijeni inayosomwa na saa isichukuliwe kuwa hukumu.

Mambo mengine yote yanayoonekana kwenye kioo, yaani kalori, awamu za usingizi, uchovu, msongo na “umri wa mwili”, hayapimwi. Yanakadiriwa. Tofauti hii ndiyo kiini cha mkanganyiko wote. Fundi cherehani anayekuzungushia futi kiunoni na kusema 34 amekupima; fundi anayekutazama ukiwa bado mlangoni na kusema 34 amekukadiria, na pengine amepatia kwa sababu ameona viuno vingi, lakini hungekubali akate kitambaa chako cha harusi kwa jicho hilo. Saa hutangaza vipimo na makadirio kwa sauti moja na kwa tarakimu za ukubwa mmoja, bila kumwambia mwenye kuivaa kipi ni futi na kipi ni jicho.

Chukua usingizi. Maabara za usingizi hubandika waya kichwani ili kusoma umeme wa ubongo, maana usingizi ni jambo la ubongo. Saa iliyoko mkononi inajua tu kwamba umetulia na mapigo yameshuka, kwa hiyo ukilala kitandani macho yamekutoka ukiwaza ada ya shule, inaweza kukuandikia kuwa ulikuwa usingizini. Muda wa kulala na muda wa kuamka saa huupata vizuri. Mgawanyo wa usingizi mzito na mwepesi uchukue kama uvumi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa waliohangaishwa na alama za saa kiasi cha kulala vibaya kwa kuzitafuta alama nzuri.

Kalori ni mbaya zaidi. Katika jaribio lilelile la Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Nikikutumia fundi wa kukosea kiasi hicho, suruali yako atavaa mtu mwingine. Na hata hesabu ingekuwa sahihi, bado kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake kilomita 5.8, lakini nguvu waliyotumia mwilini kwa siku nzima, ikilinganishwa kwa ukubwa wa miili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya ambao siku zao hupita kwenye viti. Inaonekana mwili unaozoea kazi hubana matumizi mahali pengine, kama mama wa nyumbani anayepunguza nyama ili alipe umeme. Mazoezi yana faida nyingi kwa moyo, sukari na akili, ila mtu anayeona kalori 400 kwenye saa kisha akajiruhusu chapati mbili za ziada anafanya biashara kwa mizani mbovu.

Hapo pia tuiweke hadithi ya hatua 10,000, ambayo wengi wanaamini ni agizo la madaktari. Asili yake ni Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilipouza kifaa cha kuning’iniza kiunoni kiitwacho Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Namba ilikuwa nzuri kwa biashara. Utafiti wenyewe ulikuja miaka mingi baadaye: mwaka 2019, uchunguzi wa wanawake 16,741 wa Marekani wenye wastani wa umri wa miaka 72 ulionyesha kuwa waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Mwaka 2022 tafiti 15 zilipounganishwa, faida ilitulia kati ya hatua 6,000 na 8,000 kwa wenye miaka 60 na zaidi, na kati ya 8,000 na 10,000 kwa walio chini ya umri huo. Shirika la Afya Duniani halitaji hatua hata moja katika mwongozo wake; linataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Machinga anayezungusha soksi kutoka Kariakoo hadi Posta na kurudi hana haja ya saa ya kumwambia atembee.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Shangazi yangu anaishi Tanga na ana presha ya miaka mingi. Mwanawe aliyeko Muscat alimletea saa ya bei nafuu ambayo, pamoja na mengine, ilidai kupima presha kwa kugusa kioo tu. Kila asubuhi ilimwandikia 118 kwa 76, au 121 kwa 78, na shangazi, ambaye vidonge vilikuwa vikimchosha, akaanza kuviruka. Kliniki nako akaacha kwenda. Tulipompeleka baada ya miezi minne kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikimuuma kisogoni, mashine ya mkanda ilisoma 178 kwa 104. Alimtazama muuguzi, akanigeukia mimi: “Mwanangu, mbona saa inasema nimepona?” Jioni ile niliivaa mimi ikaniandikia 119 kwa 77. Mjukuu wake akaifunga kwenye ndizi iliyokuwa mezani, na ndizi ikapata 120 kwa 77.

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, na njia iliyozoeleka ya kuipima ni kuubana mshipa kwa mkanda uliojazwa upepo hadi damu isimame, kisha kuuachia polepole na kuona damu inaanza kupita kwenye mgandamizo gani. Saa isiyobana kitu haina mgandamizo wa kulinganisha nao. Zipo kampuni zilizojaribu kwa uaminifu: Samsung huusoma mfumo wa wimbi la damu, lakini humtaka mtumiaji ailinganishe saa yake na mashine halisi ya mkanda kila baada ya siku 28, Huawei ilitoa saa yenye mkanda mdogo unaojaa upepo kweli. Hizi za bei ya chini zisizo na mkanda wala ulinganisho wowote hazina njia ya kuijua presha ya mtu, na namba ya jirani na 120 kwa 80 ndiyo salama zaidi kwao kuitaja, kwa kuwa humfurahisha kila mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima bilioni 1.28 wana shinikizo la juu la damu na takriban nusu yao hawajui. Mtu asiyejua akivaa saa ya kumdanganya, sasa ana ushahidi wa kutokwenda kupimwa.

Sukari ni vivyo hivyo, na hapa hakuna hata haja ya kutofautisha bei. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Usichanganye na vile vibandiko vyenye kiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi ya mkono, ambavyo ni vifaa halali vya wagonjwa wa kisukari na vinaweza kuonyesha namba zake kwenye saa. Hapo saa ni kioo tu, anayepima ni kibandiko. Video za kwenye WhatsApp zinazoonyesha saa ikisoma sukari kwa nuru zifutwe, hasa kwa mzee anayejidunga insulini.

Kwa moyo kuna habari njema kidogo. Baadhi ya saa za gharama hutambua mapigo yasiyo na mpangilio, aina inayoweza kusababisha kiharusi. Katika uchunguzi mkubwa wa Apple na Stanford uliochapishwa mwaka 2019, kati ya watu 419,297 waliofuatiliwa, asilimia 0.52 walipata tahadhari. Miongoni mwa waliotahadharishwa, wakabandika kipimo kifuani na kukirudisha kwa watafiti, asilimia 34 walikutwa na tatizo lenyewe katika muda wa kipimo hicho. Tahadhari kama hiyo ni sababu ya kwenda hospitali, haiwi cheti cha ugonjwa. Na kimya cha saa si cheti cha uzima: saa haitambui shambulio la moyo, kwa hiyo anayebanwa kifua asikae akisubiri iseme kitu.

Je, kuivaa humfanya mtu awe na afya zaidi? Tafiti zinaonekana kupingana. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilichapisha mwaka 2016 jaribio la miaka 2 la vijana 471 wenye uzito mkubwa, wote wakiwa wamepewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliojiandikia mazoezi wenyewe walipungua wastani wa kilo 5.9, walioongezewa kifaa cha kuvaa walipungua kilo 3.5. Mwaka huohuo, jaribio la wafanyakazi 800 nchini Singapore halikuona nafuu ya uzito wala presha, na baada ya mwaka mmoja takriban mtu mmoja tu katika kumi ndiye aliyekuwa bado anakivaa. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Australia Kusini walipozikusanya tafiti nyingi pamoja, walikuta kwamba vifaa hivi huongeza kama hatua 1,800 kwa siku na kupunguza kama kilo moja. Kilo moja ni ndogo. Hatua 1,800 kwa mtu aliyekuwa hatembei si ndogo hata kidogo.

Naona hazipingani sana. Saa ni kama daftari la mauzo: haliuzi sukari wala unga, ila mwenye duka anayelisoma kila jioni hujua siku gani aliuza vibaya na kwa nini. Asiyelisoma ana karatasi tu. Eliud Kipchoge, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari tangu ujana wake, na wale vijana wa Pittsburgh waliojiandikia walilazimika angalau kukumbuka walichofanya.

Nigusie hofu mbili kwa haraka. Mionzi ya Bluetooth ni dhaifu kuliko ya simu unayoiweka sikioni, na nuru ya kijani ni nuru tu. Anayekwambia saa hizi huleta saratani ya mkono akuonyeshe alikopata. Hofu ya siri ni ya kweli zaidi. Ramani ya mazoezi iliyotolewa na Strava, programu ya kurekodi mazoezi ya wakimbiaji, mwezi Novemba 2017 ilikuja kufichua kambi za kijeshi katika nchi kama Syria, Afghanistan na Somalia, kwa sababu askari walikimbia wakiwa na vifaa vyao. Dada anayekimbia peke yake saa kumi na moja na nusu alfajiri kuelekea Daraja la Tanzanite, njia yake ikianzia getini kwake kila siku na kuonekana na kila mtu, aifunge ramani hiyo kwenye programu leo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini sheria haimfichi mtu aliyejitangaza mwenyewe.

Kwa hiyo nani anunue? Anayeanza mazoezi baada ya miaka ya kukaa na anayejua kwamba namba humchochea. Mkimbiaji anayetaka umbali, kasi na mapigo. Na mtu ambaye daktari wake amemwambia afuatilie mapigo. Hawa waangalie mwenendo wa wiki na miezi badala ya namba ya leo, kwa sababu mizani inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku bado hukuonyesha kama unaongezeka au unapungua. Anayetaka hesabu ya hatua tu ajaribu kwanza simu janja aliyonayo mfukoni, ambayo ina kihisi kilekile na haimgharimu kitu. Mwenye kitochi ndiye pekee asiye na njia hiyo. Na mwenye presha, au mwenye mzazi wa presha, hela ya saa ainunulie mashine ya mkanda unaofungwa juu ya kiwiko. Shangazi sasa anayo, na daftari la kuandikia asubuhi na jioni.

Ukishaamua kununua, jaribu kabla ya kulipa. Tembea hatua 100 ukizihesabu kimoyomoyo na uone saa imepata ngapi. Kaa dakika tano, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, hesabu mapigo kwa dakika nzima na ulinganishe. Kama inadai kupima presha, itafutie ndizi. Mapigo ya ndizi nitayasamehe, kwa maana hata vifaa vya majina makubwa vimewahi kukutwa vikisoma mapigo ya karatasi za chooni, nuru inaporudi kwa namna ya kuvichanganya. Presha ya ndizi siisamehi. Nilifanya hivyo mwezi uliopita katika duka moja Kariakoo, ndizi nikiwa nimeinunua nje kwa mama muuza matunda, na saa ikaandika 117 kwa 75. Kijana muuzaji aliitazama, akaitazama ndizi, akasema kwa utulivu kabisa, “Anko, hiyo ndizi ina afya nzuri.”